Mlezi Aliyekuwa Mtani

Bwanali alikuwa mwalimu wa ngozi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka Masasi na vijiji vyake akiwafundisha wachinjaji kuwamba ngozi kwenye miti, kivulini, badala ya kuitandaza chini juani mpaka ikakunjamana kama jani la tumbaku. Si kazi ya kumpa mtu jina. Jina alilipata kwa mdomo wake. Akifika machinjioni watu waliacha kukatiwa nyama ili wamsikilize, na akienda msibani kwa watani zake, wafiwa walicheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Mkewe, Bibi Stamili, ambaye ndiye aliyenisimulia habari hizi, alikuwa akisema kwamba Bwanali alizaliwa akicheka, ikabidi mkunga ampige kofi alie kama watoto wengine.

Mdomo huo ndio uliompatia kazi ya pili. Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Chini ya milima ya mawe ya Masasi palifunguliwa kambi ndogo ya kufundisha vijana usaidizi wa mifugo. Katika kundi la kwanza kulikuwa na kijana mmoja aliyepanda juu ya jiwe kubwa nyuma ya kambi akakaa huko, akakataa kushuka, wala hakusema sababu. Aliposhushwa alirudishwa kwao, na hakuna aliyejua kilichompata. Jambo hilo lilimsumbua Bwana Mifugo, Mzungu mrefu mwenye haya, asiyejua kuzungumza na vijana ila juu ya minyoo na kupe. Akamwita Bwanali.

“Vijana wanakupenda,” alimwambia. “Nataka uwe mlezi wao. Kijana akiwa na jambo moyoni, aje kwako alitoe.”

“Alitoe aliweke wapi, Bwana?”

“Kwako.”

“Na mimi niliweke wapi?”

Bwana Mifugo akacheka, akaona amechagua vizuri.

Bwanali akapewa chumba kilichokuwa stoo ya ngozi. Kiliwekwa viti viwili na mtungi wa maji, lakini harufu ya ngozi haikutoka hata siku moja. Vijana wakakiita Hospitali ya Maneno. Mmoja wao, Marko wa Chiungutwa, aliyekuwa na ulimi mwepesi, hakupita mlangoni bila kuchungulia.

“Mzee, leo kuna dawa ya mtu aliyekataliwa na mchumba?”

“Ipo. Lakini ya kwako imekwisha. Wewe umekataliwa na wengi.”

Ingawa kilianza kwa mzaha, chumba kile kilifanya kazi. Alikuja kijana aliyeshikwa na hamu ya kwao. Alikuja mwingine aliyezimia siku ya kwanza ya kupasua mzoga, akaona aibu kula na wenzake. Alikuja aliyekuwa akiota kwamba amefeli mtihani na baba yake anamvua shati mbele ya watu. Bwanali aliwasikiliza, akawapa neno la kuchekesha, wakatoka wamepungukiwa uzito. Hakujua dawa nyingine. Wala hapakuwa na aliyemwambia kwamba inahitajika nyingine, mpaka alipokuja Dastani.

Dastani alitoka Kitangari, juu Newala. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mirefu na maneno machache. Siku aliyofika alipitishwa kwa mlezi kama wengine.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Wa wapi wewe?”

“Kitangari.”

“Ukoo?”

Dastani akautaja ukoo wa mama yake, maana kwetu ukoo huhesabiwa kwa mama. Bwanali akainuka kitini. Akamvua Dastani kofia, akaivaa yeye.

“Kumbe wewe ni mtumwa wangu,” alisema. “Umechelewa. Maji ya kuoga yako wapi?”

Walikuwa watani. Hapo kale koo zao mbili zilipigana, kisha zikapata njaa pamoja na kulishana, na tangu hapo wajukuu wa pande zote wana ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana na kuitana watumwa. Sharti ni moja: mtani hakasiriki. Ukimkasirikia mtani umeaibisha ukoo wako. Na mtani akifiwa, ni wewe unayeshika jembe ukamchimbia kaburi, ukawachekesha walio hai.

Dastani hakujibu kwa mdomo. Alitoka, akaenda moja kwa moja jikoni kwa Bibi Stamili, akafunua chungu, akatoa paja la kuku. Akarudi analitafuna mbele ya Bwanali.

“Bwana wangu ana mke anayejua kupika,” alisema. “Nitakaa.”

Kambi nzima ilicheka siku ile. Bibi Stamili alisema hakumwona mumewe amefurahi hivyo tangu Mahmudu, mtoto wao, alipozaliwa. Kila asubuhi wale wawili walikuwa na jipya. Dastani alificha viatu vya Bwanali ndani ya kisanduku cha sindano. Bwanali alimtangazia posa kwa bibi kizee wa sokoni, na bibi akaja kambini na binamu zake kumtazama bwana harusi. Kijana aliyekuja kimya akawa anacheka kuliko wote.

Ndipo kikaingia kichaa cha mbwa.

Mtoto alikuwa amefariki katika kijiji kimoja cha huko bondeni, na wengine walikuwa wameng'atwa. Ikatolewa amri: kila mbwa achanjwe, na asiyechanjwa auawe. Chanjo iliyoletwa ilikuwa kidogo. Wa kwanza kufika barazani walipata, wa nyuma hawakupata, na mbwa wao walifungwa mtini, mmoja baada ya mwingine, mbele ya askari mwenye bunduki. Kazi ya wanafunzi ilikuwa kushika kamba.

Ilionekana mapema kwamba Dastani ana mkono. Mbwa aliyevutwa na watu watatu huku akitoa povu la hasira, akifika kwa Dastani alitulia. Alikaa chini, akamtazama usoni kama anayesubiri kuambiwa jambo. Wanafunzi wengine waling'atwa na kukwaruzwa. Dastani hakukwaruzwa. Kwa hiyo kila kamba ikawa inapelekwa kwake. Bwana Mifugo alimsifu mbele ya wenzake, na Dastani akasema, “Asante, Bwana.”

Waliporudi kutoka Chiungutwa, Marko alikuja kwenye Hospitali ya Maneno. Hakuchungulia, aliingia akakaa.

“Mzee, mtani wako hali.”

“Hali kwa nini? Amesusa?”

“Hajasusa. Anakaa na sahani, anaitazama, kisha ananipa mimi. Mimi ninakula, si unanijua. Lakini leo hata mimi nimeshiba.”

Bwanali akamwita Dastani. Kijana akaja, akakaa kwenye kiti cha pili, mikono imening'inia katikati ya magoti.

“Mzee,” alianza, “mimi kule kwenye mbwa sitaki kwenda tena.”

Bibi Stamili alikuwa nje ya dirisha akipepeta mtama, akasikia yote. Alisema mumewe hakufikiri. Ulimi ulitoka wenyewe, kama mguu wa mtu aliyekanyaga kaa la moto.

“Tangu lini ukoo wenu ukaogopa mbwa? Si mlikuwa mkila nao sahani moja, na mbwa ndiye akilalamika kwamba mnamdhulumu?”

Dastani akacheka. Ilimpasa acheke. Akainuka, akamgonga Bwanali begani kama wafanyavyo watani, akatoka.

Bwanali alikwenda jikoni akiwa amefurahi. “Umesikia? Nimemchekesha.”

“Nimesikia,” Bibi Stamili alisema. “Alikuja na neno mdomoni. Amelitoa?”

Bwanali alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akakaa hapo mpaka mtama ukamalizika kupepetwa.

Kesho yake alimwita tena. Safari hii alikuwa amejiandaa. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akafunga mlango, akaweka mikono juu ya mapaja kama shahidi barazani. Dastani alipoingia alisimama akamtazama.

“Kaa, mwanangu,” alisema Bwanali. “Leo sina mzaha. Niambie.”

Midomo ya Dastani ilianza kutetemeka, na kwa muda Bwanali alidhani kijana atalia. Kisha kicheko kikamtoka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

“Mwanangu,” alirudia. “Na kanzu ameivaa. Mtani, leo umenipata. Leo kweli umenipata.”

“Dastani, ninasema kweli.”

“Basi, usiniue mbavu.”

“Kijana, nisikilize. Kile ulichotaka kusema jana.”

“Jana nilitaka kusema nina njaa,” Dastani alisema, akijifuta macho. Akafungua mlango. Kizingitini aligeuka, na uso wake ulikuwa umeshatulia. “Mtani, nikifa mnizike Kitangari, si huku kwenye mawe.”

Bwanali aliyajua majibu ya neno hilo. Yako mengi, kila mtani anayajua: tutakuvingirisha, tutakuuza njiani, nani atakayebeba mzoga kupanda mlima. Aliyafungia mdomoni yote. Dastani akasubiri kidogo, kama mtu aliyerusha mpira usirudishwe, kisha akaenda zake.

Huo ndio ulikuwa mtego. Akitania, kijana anacheka na kuondoka na mzigo wake. Akiacha kutania, kijana anaona huo ni utani mkubwa zaidi. Bwanali alimwomba mkewe amsikilize yeye. Bibi Stamili akamwita Dastani ale, akamwuliza kwa upole habari za kule kwenye mbwa. Dastani alimjibu kwa adabu kwamba hajambo, chakula ni kizuri, na asimwambie mtani. Mke wa mtani naye ni mtani. Marko alimwuliza pia, wakiwa wanafua nguo. “Mwenzio ana kazi ya kushika kamba,” Dastani alimwambia. “Wewe fua.”

Ikatangazwa kwamba wakimaliza bondeni watapanda Newala, na kutoka Newala watakwenda Kitangari.

Bwanali akaomba ruhusa, akasema anakwenda kukagua ngozi. Alipanda lori la mzigo mpaka Newala, na kutoka hapo akaendesha baiskeli kwenye njia ya mchanga katikati ya mikorosho. Alikuwa amepata shauri: utani ni mali ya wazee wa koo, basi wazee wanaweza kuusimamisha.

Akawakuta barazani kwa Nikolao, mjomba wa Dastani aliyemlea, wakibangua korosho. Mikono yao ilikuwa myeusi kwa utomvu. Walipomtambua hawakungoja salamu. Walimshika, wakamfunga mikono kwa kamba ya gome, wakamwambia mtumwa aliyetoroka amerudi mwenyewe, na hatafunguliwa mpaka awachotee maji. Maji ya Kitangari siyo ya karibu. Bwanali aliteremka na wanawake mpaka chini kabisa ya bonde, akapanda na debe kichwani, kanzu imelowa, wanawake wakimwimbia. Alifanya yote, maana mtani hakasiriki. Alipolitua debe, akaomba kusema.

“Wazee wangu, nimekuja kuomba mniondolee utani na Dastani. Si wa siku zote. Wa mazungumzo ya siku moja tu.”

Mzee mmoja alipiga paja lake, na baraza nzima ikaangua kicheko.

“Baba Mahmudu,” Nikolao alisema alipoweza kusema, “nimesikia mengi kutoka kinywani mwako. Hili ni la juu ya yote.”

“Sitanii, Mzee Nikolao.”

“Ndiyo sababu linachekesha.”

“Kijana wenu hana raha. Ananyauka. Mimi nimewekwa nimsikilize, na hawezi kuniambia kitu.”

“Anakuogopa?”

“Ananicheka.”

Wakacheka tena. Nikolao akampa korosho zilizobanguliwa, amechagua nzima nzima, maana hakuwa mtu mbaya. “Utani si kofia,” alimwambia, “uuvue uutundike ukutani. Nikikuondolea mimi, wa babu yangu aliyekufa atakuondolea nani? Wewe kula.”

Mbwa wa rangi ya udongo, mwenye sikio moja lililochanika, alikuja akalala miguuni pa Nikolao. Nikolao akamwita, “Tutafanyaje, sogea.”

“Ndilo jina lake?”

“Ndilo. Mwaka ule nguruwe walipotumalizia mihogo, kila jirani aliyekuja hapa swali lake lilikuwa hilo: tutafanyaje, tutafanyaje. Nikapata mtoto wa mbwa, nikampa jina hilo. Sasa nguruwe wakija majirani wote wanaliita, na yeye anatoka. Dastani ndiye aliyemkuza. Alikuwa akimtafunia ugali na kumlaza kifuani. Alipokwenda Masasi mbwa huyu alimfuata njia nzima mpaka kwenye lori, ikabidi nimfunge.”

Bwanali akaacha kutafuna.

“Mzee Nikolao,” alisema, “mpeleke mbwa huyu Newala kesho alfajiri. Chanjo inaanza huko, na itakwisha kabla haijafika Kitangari. Usingoje waje. Wakija hapa watakuja na kamba tu.”

Nikolao aliwatazama wenzake, akatabasamu.

“Mnasikia? Anataka nitembee na mbwa mpaka Newala, nifike nikute hakuna kitu, na yeye ameketi dukani ananichungulia.”

“Wallahi sitanii.”

“Na kiapo juu,” alisema mzee mwingine, akimpangusia Bwanali jasho kwa kofia yake mwenyewe. “Mtani huyu ana kazi kweli.”

Aliondoka Kitangari wakimsindikiza kwa vicheko. Aliporudi Masasi alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mifugo, kabla hata hajaoga.

“Bwana, naomba Dastani asiende Newala.”

“Kwa nini? Huyo ndiye bora kuliko wote.”

“Hayuko sawa.”

“Amekuambia nini?”

Bwanali alitafuta la kusema. Alikuwa mtu ambaye hakupata kukosa neno.

“Hajaniambia kitu, Bwana.”

“Analia?”

“Anacheka.”

Bwana Mifugo alivua miwani, akaifuta. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo. “Kijana wa mwaka jana hakucheka kabisa,” alisema. “Nilikuwa na wasiwasi na Dastani, sikufichi. Kama anacheka, basi. Umefanya kazi nzuri, Bwanali.”

Hata hivyo alimruhusu mlezi afuatane na vijana kwenye lori.

Kule Newala chanjo ilikaribia kwisha, kama Bwanali alivyosema. Walipofika Kitangari kisanduku kilikuwa na dawa ya mbwa wachache tu, wa walioamka mapema. Baraza ilijaa watu na kamba. Nikolao alikuja mwishoni, maana alianzia shambani, na mbwa wake hakuwa na kamba. Tutafanyaje alipomwona Dastani alichomoka miguuni mwa watu, akamrukia kifuani, akamlamba mikono, akazunguka, akakaa mbele yake kama mbwa wengine walivyokuwa wakikaa.

Marko alitazama chini. Karani alisoma jina la mwenye mbwa, akasema chanjo imekwisha. Nikolao akageuza kichwa polepole mpaka akamwona Bwanali kando ya lori.

“Kumbe ulisema kweli,” alisema.

Mtu mmoja akamtupia Dastani kamba, na Dastani akaidaka. Aliidaka kwa sababu ilikuwa imerushwa kwake. Akaanza kuifunga shingoni mwa mbwa taratibu, akipitisha vidole chini yake isimbane.

Bwanali akaenda. Alikuwa Mwislamu anayeshika sala zake, na maisha yake yote alikuwa akikusanya kanzu mbwa akipita. Akanyoosha mkono.

“Nipe kamba, Dastani. Nitamshika mimi.”

Dastani akainua macho. Watu wote walikuwa wamenyamaza, na Bwanali alimwambia mkewe baadaye kwamba katika kimya kile aliona kijana akikaribia kusema. Neno lilikuwa pale pale, nyuma ya meno. Ndipo mzee mmoja wa barazani akasema kwa sauti, “Haya, tumeona leo. Sheikh anataka kuoa mbwa wetu.”

Baraza ikalipuka kwa kicheko. Dastani naye akatabasamu, kama ilivyompasa.

“Mtani,” alisema, “leo umezidi.”

“Nipe kamba.”

“Mzee, ondoka hapo,” alisema askari. “Tuna kazi.”

Akamwondoa kwa kumshika kiwiko, bila ukali, kama unavyomwondoa mlevi kwenye harusi. Dastani akampeleka mbwa mtini. Mbwa alikwenda akitikisa mkia. Dastani alishika kamba mpaka mwisho.

Mizoga yote ilitakiwa kutupwa katika shimo moja na kufukiwa. Bwanali alilipita shimo lile. Akaazima jembe kwenye nyumba ya Nikolao, akaenda nyuma ya nyumba, penye mikorosho michanga, akakunja kanzu kiunoni na kuanza kuchimba. Hakuwa na jambo lingine analolijua. Mtani akifiwa, unamchimbia kaburi. Alilifanya refu, kwa kipimo, pembe zake zimenyooka. Kisha akarudi mtini, akamfunika Tutafanyaje kwa gunia, akambeba mikononi kama mtoto, damu ikimchuruzikia kanzu, akapita naye mbele ya baraza.

Nadhani kama kungekuwa na mtu mgeni wa utani mahali pale angevua kofia. Lakini Kitangari nzima ilijua maana ya kumwona mtani Mwislamu amebeba mbwa wa ukoo wa Nikolao kwenda kumzika kama binadamu. Hapakuwa na tusi kubwa zaidi ya hilo, wala zuri zaidi. Mwanamke mmoja alianza kuimba wimbo wa msiba, wengine wakamwitikia huku wakishikana kwa kicheko. Wazee waliinuka na fimbo zao wakafuata jeneza. Nikolao mwenyewe, aliyekuwa amekaa na kichwa mikononi, alipotazama akaona pembe za kaburi zilivyonyooka, akashindwa, akacheka huku machozi yakimtoka. Watu walisema utani wa namna ile hautarudiwa.

Bwanali alifukia. Alipoinua uso kutoka kwenye udongo alimwona Dastani amesimama upande wa pili wa kaburi, na yeye anacheka.

Watu walichoka mmoja mmoja. Mwanamke aliyeimba alinyamaza, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Wazee wakarudi barazani. Dastani alikuwa bado anacheka. Mabega yalikuwa yakipanda na kushuka, kamba bado iko mkononi. Marko alishuka kwenye lori, akaja akamshika bega.

“Basi, Dastani,” alisema. “Basi, ndugu yangu. Imetosha.”

“Mwache,” mtu mmoja alisema, “utani umemwingia.”

Lori lilipiga honi. Bwanali alisimama na jembe. Alijua maneno mengi ya kuanzisha kicheko. La kukisimamisha hakupata kulijifunza, wala hakumjua mtu wa kumwuliza.

Dastani hakurudi kambini. Bwana Mifugo alisema apumzike kwao mwezi mmoja, akaandika hivyo, na mwezi ukapita, na mwingine. Alikaa kwa mjomba wake. Alichota maji na wanawake, alilima, alikula akipewa. Hakumdhuru mtu. Ila ukimsemesha, hata kwa salamu, alicheka, na mgeni angedhani ni kijana mwenye furaha. Mama yake alimpeleka kanisani, akampeleka kwa waganga. Wote walimwuliza ana nini, na wote walijibiwa namna moja. Nguruwe waliporudi kwenye mihogo watu wa Kitangari walisahau, wakatoka nje wakaita, “Tutafanyaje, Tutafanyaje,” kisha wakakumbuka na kunyamaza. Dastani aliposikia hayo hakucheka. Nikolao aliliona hilo, lakini hakujua alifanyie nini.

Kiti cha pili kiliondolewa katika Hospitali ya Maneno. Bwanali aliomba arudishiwe kazi yake ya ngozi peke yake, na Bwana Mifugo, aliyekuwa anaelekea kuhamishwa, hakumbishia. Bwanali aliacha kutania. Haikusaidia. Alipokwenda misibani akakaa kimya, watani zake walijipiga mapaja wakasema mzee amebuni mtindo mpya.

Kila alipopata nafasi alipanda Kitangari. Hakwenda na zawadi wala hakwenda na maneno. Watani walimkamata njiani wakamfunga na kumtuma maji, akachota. Kisha alikwenda nyuma ya nyumba ya Nikolao, chini ya mikorosho, akakaa karibu na Dastani. Dastani akimwona tu alianza. Bwanali alikaa naye, ameshika mikono yake mwenyewe, akingoja kicheko kiishe ili kijana, kama bado analo, alitoe lile neno.

Bibi Stamili alimwuliza siku moja, hukaa muda gani mpaka kinaisha.

“Sijui,” Bwanali alisema. “Lori la kushuka Masasi huwa linapita kabla hakijaisha.”